MPAKA WA NYUMBA HUTEMBELEWA KWA MIGUU

Ukitoka Mbeya kwa basi, ukafuata barabara kuu ya Tunduma, utafika Vwawa. Hapo ni makao makuu ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Mashamba ya kahawa na mahindi yamebanana. Mbozi ni moja ya wilaya za kwanza kupima ardhi ya wanakijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999.

Katika kijiji kimoja tulikuta watu wamesimama nyuma ya nyumba. Mama mmoja mjane alitaka kuuza nyumba yake, akaishi kwa mwanawe. Mnunuzi alikuja na fedha. Halmashauri ya kijiji ikasema, "Kwanza tutembee mpakani."

Walitembea wote: muuzaji, mnunuzi, majirani wa pande zote na wajumbe wa kamati. Mpimaji alishika kifaa kidogo kinachopokea ishara za setilaiti. Alisimama kila pembe, akaandika namba. Kwa namba hizo ramani ya kiwanja huchorwa.

Upande wa mashariki palizuka jambo. Jiko la mama lilikuwa limeingia hatua tatu katika shamba la jirani. Zamani marehemu mumewe na baba wa jirani walikubaliana kwa mdomo tu. Mikonge ya mpaka ilikwisha kung'olewa.

Mama alinyamaza. Mnunuzi akarudisha fedha mfukoni.

Ndipo jirani, ambaye sasa ni mzee, akasema, "Nilikuwepo. Baba alitoa sehemu hii, naye akapewa migomba ya kule chini." Wazee wawili walithibitisha. Mpaka ukaandikwa mbele ya wote. Je, kama mzee huyo angekuwa amekufa?

Ndugu msomaji, kabla ya kununua au kuuza nyumba kijijini, fanya haya:

Tembea mpaka wote pamoja na majirani.

Soma hati ya hakimiliki ya kimila. Tazama majina yaliyomo. Linganisha ramani na ardhi yenyewe.

Tazama nakala katika masjala ya ardhi ya kijiji.

Pata kibali cha halmashauri ya kijiji kabla ya kulipa.

Mkibishana, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji mkapatanishwe.

Mti hukauka na shahidi hufa. Mpaka uliopimwa na kuandikwa hubaki.