Madira Sita na Msichana Mmoja

Sisi ni mafundi cherehani watatu wa hapa Titye, wilayani Kasulu, na wateja wetu wengi ni mabibi harusi, wakiwemo wa huko visiwani.

Mmoja wao alitupigia simu akaagiza madira sita ya fungate. Kisha akasema, "Na msichana mmoja wa kazi, mnitafutie. Wa huko kwenu wapole."

Tukamjibu, "Inshaallah, hamna shida." Tukampata binti wa miaka 13, mamake mjane. Mama aliposita, tukamwambia mwanawe atasomeshwa. Hakuna aliyetuahidi hilo. Tuliliongeza wenyewe ili akubali.

Usiku huo tukaangalia tamthilia ya wasichana wanaosafirishwa kimagendo kwenda kufanya kazi za ndani ng'ambo. Tukamlaani wakala wao. Mambo hayo yapo kweli: mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu dada zetu Watanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, wengine wakinyang'anywa pasipoti na kunyimwa mishahara. Mara mmoja wetu akasema, "Na huyu wakala naye kaahidi shule." Hatukumaliza kuangalia.

Tulidhani usafirishaji haramu wa binadamu lazima uvuke mpaka. Sivyo. Sheria yetu ya mwaka 2008 inahusu hata ndani ya nchi: kumhadaa mtu na kumpeleka anakotumikishwa ni kosa. Na huku Bara, mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa.

Asubuhi tulikwenda kwa yule mama tukakiri uongo wetu. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Na maharage niliyouza nimnunulie begi?" Tukamlipa, na begi tukamwambia binti aendee nalo shule.

Visiwani tulituma madira sita tu. Bibi harusi alikasirika, hajaagiza tena. Riziki anatoa Allah.

Shoga yetu unayeolewa, ukihitaji msaidizi tafuta mtu mzima. Ongea naye mwenyewe: mshahara, siku ya kupumzika, nauli ya kurudi kwao. Simu yake akae nayo, na pesa umpe mkononi, usimwambie "nakuwekea." Huyo ni amana, na amana tutaulizwa.

Allah atusamehe tuliyokusudia na awalinde mabinti zetu. Amin.