Macho ya Bibi na Kamera ya Safari



Wapendwa wanaparokia, juma hili nawasimulieni habari ya kununua kamera ndogo ya safari. Ni jambo dogo, lakini ndani yake nilijikuta nina deni.

Mwaka 2019 nilikwenda hija Namugongo, nchini Uganda. Bibi mmoja wa jumuiya yetu, ambaye maumivu ya nyonga yalimzuia kusafiri, aliniomba jambo moja tu: "Baba Paroko, niletee picha ya ndani ya kanisa lile, nami nilione." Ni kanisa lenye nguzo 22 kwa kumbukumbu ya mashahidi 22 Wakatoliki, lililojengwa mahali alipochomwa moto Mtakatifu Karoli Lwanga tarehe 3 Juni 1886.

Nilipiga picha kwa simu yangu ya bei nafuu. Niliporudi nilizisafisha, nikampelekea. Kwa kuwa ndani ya kanisa mwanga ni hafifu, picha zote zilitoka na ukungu. Bibi aliifuta moja kwa upindo wa khanga, akaifuta tena, kisha akasema kwa upole: "Ahsante, Baba. Macho yangu ndiyo yamekwisha." Nami nikanyamaza.

Sasa najiandaa kwenda tena, hivyo nikaingia dukani na akiba yangu mwenyewe (wala si sadaka zenu!). Kijana muuzaji alinisifia kamera moja kwa mambo mawili: wingi wa megapikseli na uwezo wa kuvuta vitu vya mbali mara 30. Nilivutiwa, nakiri. Lakini nilikuwa nimejifunza kidogo kabla ya kwenda.

Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 yahitaji megapikseli 2 tu ili itoke safi, na ya ukubwa wa karatasi ya A4 yahitaji kama 9. Zinazozidi hapo hazileti mwanga. Mwanga hupokelewa na kihisi, kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi. Katika kamera nyingi ndogo, kihisi kina upana wa milimita 6 hivi na kimo kisichofika 5. Zipo nyingine zenye kihisi kiitwacho cha inchi moja, chenye milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo la mara nne. Tena lenzi yenye alama ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne ya ile ya f/3.5. Flashi nayo haifiki mbali: humwangaza aliye mbele yako, na kanisa zima hubaki gizani.

Nilimwomba kijana azime taa za duka. Alinishangaa, akazima. Nikapiga picha ya rafu ya nyuma kwa kamera ile aliyoisifia, kisha kwa Sony RX100 iliyotumika, ya toleo la kwanza lililotoka mwaka 2012. Ile ya kwanza ilinipa ukungu ninaoujua. Ya pili ilinipa maandishi ya maboksi, yakasomeka.

Hii ya pili huvuta vitu mara 3.6 tu. Basi siku ya ibada kuu nje, katikati ya umati, sitaweza kumleta karibu askofu aliye madhabahuni. Nimekubali hasara hiyo, kwa sababu Bibi hakuniomba picha ya askofu. Kwa yaliyo mbali nitatumia miguu. Nimeongeza betri ya akiba, nami nitazoea kuishika kamera hii kanisani kwetu jioni kabla sijapanda basi.

Ndugu zangu, anayetaka kamera ya safari ajiulize kwanza: picha hii ni ya nani, na nitaipiga katika mwanga gani? Akishajibu hayo, sifa za dukani hazitamsumbua.

Lakini deni langu halikulipwa dukani. Jana nilikwenda kwa Bibi kabla ya kuanza safari, nikamwambia: "Bibi, macho yako ni mazima. Picha zangu ndizo zilizokuwa mbovu, nami nilikuacha ujilaumu." Alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akaniagiza: "Safari hii, Baba, usitetemeke."

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu.