Haki ya Mzee na Mgongo wa Mwana

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliagiza kwamba aliyetimiza miaka 60, naye hana uwezo, atibiwe bila ya malipo. Mama yangu mkubwa, mkaazi wa Songo Mnara, alipopata kitambulisho chake nilimshukuru Mungu, nikadhani wajibu wangu umekwisha.

Nilipokwenda kumwamkia, nilikuta goti limevimba, na kitambulisho kimefungwa katika upindo wa kanga, hakijatumika.

"Mwanangu," akasema, "dawa ni bure, lakini nani atanivusha?"

Kweli, kufika Kilwa Masoko ni safari ya mashua, na maji yakitoka hukanyagwa tope la mikoko kabla ya kupanda. Unguja na Pemba, tangu Aprili 2016, aliyetimiza miaka 70 hupata pensheni kila mwezi. Pengine huyo ana nauli. Mama yangu hakuwa nayo, wala hakutaka kuniomba.

Niliona haya. Kesho yake nilimbeba mgongoni hadi mashuani.

Ndugu vijana, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwatendea wema wazazi. Serikali na itoe haki ya mzee; kumfikisha kwenye haki hiyo ni juu yetu.