Usiukate Huo Uta

Wasee, leo niko na swali la silaha. Tulieni, hakuna mtu anapigwa.

Kuna video za YouTube ambazo mtu wa Marekani anashika Lee-Enfield ya vita, ile bunduki ya risasi za .303, halafu anajiuliza: niikate ama niiache vile ilivyo? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bunduki hizo zilijaa madukani Marekani na Kanada kwa bei ya kutupa. Watu walizinunua za kuwindia, wakakata mbao za mbele, wakafupisha mtutu, wakafunga darubini juu. Enzi hizo ilikuwa sawa tu, kwani nani analilia kitu kilichojaa kila mahali? Leo zinazotafutwa ni zile ambazo hazikuguswa, na zilizokatwa kwa kawaida huenda bei ya chini. Mbao ikishakatwa haioti tena.

Huku Ukambani babu zetu walizibeba hizo bunduki. Wakamba walikuwa wengi sana kwenye King's African Rifles, na mwaka wa 1944 wanajeshi wa Afrika Mashariki walipigana Burma, kwenye bonde la Kabaw. Lakini vita vilipoisha, bunduki ilirudishwa kwa serikali. Mzee alifika Kitui na medali, pengine na koti. Na hata leo, ukipatikana na bunduki nyumbani bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, utakuwa mgeni wa serikali, hata kama ilikuwa ya babu yako.

Kwa hivyo huku kwetu swali la yule Mmarekani linakuja na uta.

Uta ninaousema ulikuwa wa babu, na ulinijia kwa sababu mimi ndiye nimebeba jina lake. Umekaa jikoni kwa susu huko Mutomo miaka mingi mpaka moshi ukaufanya mweusi ti. Ugwe wake ni wa kano za ng'ombe, umekauka na kukatika. Mahali pa kushikia mbao ilipasuka zamani, babu akafunga waya. Uko pamoja na thyaka, yaani podo la ngozi, na mishale saba.

Binamu yangu wa Wote ni fundi wa mbao, na ana mpango. Aupige msasa moshi wote utoke, aupake vanishi, aweke ugwe wa nailoni, kisha akate ncha zote mbili ndio uingie kwenye fremu. Kuna mwenye hoteli kando ya Mombasa Road, karibu na Emali, ambaye yuko tayari kulipa shilingi 15,000. Na manze, pesa hizo zina kazi: dadangu mdogo anaingia chuo na karo haijatimia. Shangazi alisema wazi, "Historia hailipi karo." Siwezi kumwambia amekosea.

Binamu naye ana hoja nzuri kuliko nilivyotarajia. Anasema uta huu haujawahi kuwa "vile ulivyo." Babu mwenyewe alibadilisha ugwe mara nyingi. Waya aliuweka yeye. Sasa kama yeye aliubadilisha, mbona sisi tusiubadilishe?

Nimeifikiria sana hiyo. Jibu langu ni hili: babu alirekebisha ili uta uendelee kufanya kazi ya uta. Ule waya unakuonyesha siku mbao ilipasuka na mzee hakuutupa. Msasa unafuta hiyo yote. Kukata ncha ni mbaya zaidi, kwa sababu uta usio na ncha hauna pa kufungia ugwe. Na Lee-Enfield zilitengenezwa kwa mamilioni. Ukiharibu moja, zingine ziko. Huu wetu hauna kiwanda wala nambari. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, na kwetu kijijini hakuna kijana wa rika langu anayejua kuchonga uta wa kweli.

Halafu kuna ile mishale. Vyuma vyake vimepakwa ivai, sumu inayochemshwa kutoka kwa mti na inayosimamisha moyo. Ikikauka usidhani imekufa. Wazee waliifunga kwa ngozi nyembamba, na susu hataki mtoto hata aipanguse vumbi. Sasa fikiria ikining'inia kwa hoteli, juu ya meza ambayo watu wanakulia nyama choma.

Basi nimeamua hivi. Jambo linaloweza kurudishwa nyuma, fanya. Lisiloweza, acha kwanza. Uta tutautoa kwa moshi, tuupanguse na kitambaa kikavu, tuuweke mahali mchwa hafiki. Mishale itafungiwa sandukuni na ngozi zake. Na kama ni fremu, fremu ipimwe kwa uta.

Hoteli itapata uta mpya, uliochongwa na binamu na kuuzwa kama mpya, bila kumdanganya mtu ati ni wa zamani. Hiyo kazi Ukambani tunaijua: Mutisya Munge wa Wamunyu, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa uchongaji wetu wa kuuza, alirudi na ufundi huo kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwenye hoteli amekubali, lakini kwa 6,000. Zile 9,000 zilizobaki ni juu yangu, na ndiyo maana wiki hizi mnaniona nikipiga picha za harusi kila Jumamosi.

Wewe uliye Nairobi ama Machakos, najua kuna kitu kwenu ushago ambacho mtu anataka kukipaka rangi. Pengine ni kigoda, pengine medali ambayo mtu anataka kuitoboa iwe mkufu. Kabla hamjashika msasa, washa simu, umkalishe mwenye kukijua, umrekodi akikueleza kilitoka wapi na nani alikifunga waya. Susu ana miaka tisini na moja. Vanishi iko dukani kila siku.