Andiko la Dada

Hapa Bonga mabasi ya Dodoma kwenda Arusha hutupita kila siku. Moja lilimchukua dada yangu hadi Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela, kunakosomwa uzamili na uzamivu tu. Anasomea kompyuta. Mimi niliishia kidato cha nne. Naandika riwaya kwenye madaftari.

Juzi kaleta habari: tarehe ya kutetea andiko lake la utafiti imetoka. Akaniletea na muhtasari, wote Kiingereza. Baba akaniambia, "Mwandishi, hebu tusomee." Nikasoma, sikuweza kueleza. Aibu iliyoje!

Lakini mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kwa Kiswahili. Kumbe inawezekana! Nikampigia simu. "Dada, nieleze kama unamweleza bibi."

Akaeleza: unaionyesha kompyuta maelfu ya picha za majani ya mahindi, mazima na magonjwa, hadi iweze kuyatofautisha yenyewe.

Baba, ambaye mwaka jana ugonjwa ulimlia nusu shamba, akanyamaza kidogo. "Na hilo jibu, mashine itanipa kwa lugha gani?"

Swali hilo nimemtumia dada. Kasema atalipeleka mbele ya maprofesa.