Pono wa Kitutia

Kaskazi ya mwaka 1998 ilipokuwa ikiishia, maji ya Kitutia, kusini mwa Mafia, yalikuwa vuguvugu hata ukizamia chini. Nilikuwa kijana, nikivua na baba na ami zangu wa Jibondo. Matumbawe ya matawi yalianza kupauka, yakafuata yale makubwa ya mviringo, na masika ilipokolea mwamba mzima ulikuwa mweupe pe. Baadaye tulielezwa kuwa ilikuwa El Niño: joto likizidi, tumbawe huwatoa viumbe wadogo mno wa jamii ya mwani wanaoishi mwilini mwake na kulilisha. Rangi huondoka nao, na njaa hufuata. Sehemu kubwa ya matumbawe ya Kitutia haikupona.

“Samaki watahama,” ami yangu mkubwa alisema. Wale wadogo wa kujificha kwenye matawi walipotea kweli. Pono walibaki. Mwani ulipoanza kuivaa ile mifupa ya matumbawe yaliyokufa, walikuja makundi kwa makundi kuuparuza. Ukitulia chini uliyasikia meno yao, yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, yakikwaruza jiwe. Kisha mmoja huinuka kidogo na kuachia nyuma yake wingu jeupe: jiwe alilomeza, limesagwa na meno ya kooni likawa mchanga. Fukwe nyeupe tunazozisifu, sehemu yake imepita matumboni mwao.

Usiku, kwa tochi, ndipo nilipouona usingizi wa pono. Alikuwa chini ya jiwe, ndani ya mfuko wa ute alioutoa mwenyewe, mwembamba wa kupitisha mwanga, chembe za mchanga zimenata juu yake. Nilimsogelea hadi karibu kumgusa, hakutikisika. Watafiti wamegundua kuwa mfuko ule humkinga na wadudu wadogo wanaonyonya damu usiku.

Wapo wanaomlaumu pono kwa kumega tumbawe hai. Humega, ni kweli, lakini faida yake ni kubwa kuliko hasara. Na tukiwavua pono wakubwa wote tunamaliza madume: wengi wao walianza maisha wakiwa majike ya kahawia, wakageuka madume ya kijani walipokua. Jike jingine litageuka, ila huwa dogo zaidi, na pono mdogo hauparuzi mwamba kama mkubwa.

Miaka iliyofuata nilikuwa nikizamia kutazama tu. Palipokuwa na pono wengi, jiwe lilikuwa safi na matumbawe machanga, mapana kama ukucha, yameshika. Palipopitishwa nyavu za kokoro mara kwa mara na pono kupungua, mwani ulikuwa umesimama, mrefu, na chini yake sikuona tumbawe hata moja.