Suruali ya Mtu wa Mjengo

Kazi inayonilipia nyumba ni kuandika maelezo ya nguo kwa maduka ya mtandaoni ya watu nisiowajua. Maneno 80 kwa kila vazi, na neno wanalolipenda kuliko yote ni "simpo". Shati simpo, gauni simpo. Bei sasa, hiyo haiko simpo hata kidogo. Nikaanza kujiuliza ni nani aliamua kwamba mwenye pesa avae kama hana, na swali hilo likanipeleka Ufaransa ya karne ya 18.

Huko, mwenye cheo alikivaa mwilini. Mwanaume wa kuheshimika alikuwa na suruali inayoishia magotini, soksi ndefu za hariri, na wigi au nywele zilizomwagiwa poda. Suruali ya kufika chini ilikuwa ya mtu wa mjengo. Mei 1789 wajumbe walipoitwa Versailles na mfalme, hata nguo walipangiwa: makabaila dhahabu na kofia zenye manyoya meupe, na Tabaka la Tatu, yaani waliowakilisha karibu nchi nzima, nguo nyeusi tupu. Mwezi uliofuata, hao wa nguo nyeusi wakajitangaza kuwa Bunge la Taifa.

Lakini vitabu vilikuwa vimetangulia. Wanafalsafa wa Zama za Mwangaza walikuwa wameanza kuuliza kwa nini mtu azaliwe akiwa juu ya mwingine, na mwili nao ukaingia kwenye hoja. Mwaka 1762, katika kitabu chake Émile, Rousseau alipinga watoto wachanga kufungwa vitambaa kama furushi na wasichana kubanwa viuno. Yeye mwenyewe aliacha mapambo ya dhahabu, soksi nyeupe na upanga, akauza hadi saa. Mashati ya kitani safi ndiyo yalimshinda kuacha, mpaka mkesha mmoja wa Krismasi mwizi akayabeba, yote 42. Nampenda Rousseau kwa sababu ya hayo mashati.

Halafu kuvaa kawaida kukawa ndiyo mtindo. Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alimwonyesha Marie Antoinette katika gauni jeupe jepesi na kofia ya nyasi. Watu wakawaka. Malkia amechorwa na nguo ya ndani! Na wafumaji wa hariri wa Lyon watakula nini? Picha ikaondolewa kwenye maonyesho. Kilichowaudhi ni malkia kushuka. Wachache walijali pamba ya mitindo hiyo ilitoka wapi, ilhali sehemu ya pamba iliyoingia Ufaransa miaka hiyo ilichumwa na watumwa kule Saint-Domingue, Haiti ya leo. Usimpo wa mtu mmoja ni jasho la mwingine, na hilo kwenye maneno yangu 80 huwa haliingii.

Mapinduzi yalipokolea, wanamapinduzi wa mitaa ya Paris waliitwa sans-culottes, yaani wasiovaa suruali za magotini, na wakalibeba jina hilo kwa fahari. Robespierre aliwasemea huku amevaa suruali ya magotini na nywele za poda, hadi siku alipokatwa kichwa, Julai 1794. Wanasiasa wetu hufanya kinyume: wakati wa kampeni wanavaa kama sisi.

Suruali ndefu ilishinda, tena ikashinda kupita kiasi. Mwaka 2023, Spika Moses Wetang'ula alipopiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kitamaduni bungeni Nairobi, vazi lililobaki halali kwa mwanaume lilikuwa koti, tai, na hiyo hiyo suruali ya mtu wa mjengo.

Wanawake je? Tarehe 29 Oktoba 1793 Ufaransa ilipitisha sheria kwamba kila mtu, mke au mume, yuko huru kuvaa atakavyo, mradi nguo ziwe za jinsia yake. Kesho yake, tarehe 30, vilabu vya kisiasa vya wanawake vikapigwa marufuku. Kesho yake tu, mazee.

Chuo nilichokiacha nikiwa mwaka wa pili kilikuwa na bango getini la nguo zisizoruhusiwa, na karibu zote zilikuwa za wasichana. Asubuhi moja mwenzangu alirudishwa akabadilishe sketi, akaukosa mtihani. Mimi nilipita na jinzi iliyochanika magoti yote mawili. Askari akanisalimia.

Paris nayo, mwaka 1800, iliagiza mwanamke anayetaka kuvaa kiume aombe kibali cha polisi. Baadaye, kufikia 1909, waliruhusiwa suruali mradi wameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Amri yenyewe ilibaki vitabuni hadi Januari 2013, waziri wa haki za wanawake alipotamka kwamba haina nguvu ya kisheria.